Geti la Baba

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kukataa. Hivyo ndivyo nilivyowajibu watu wa kwetu walioniuliza mwanamke anafanya nini katikati ya vyuma chakavu. Malori yaliingia yamejaa skrepa kutoka Kisongo, kutoka Moshi, kutoka huko ambako sijui nani huwa anatupa nini, nami nilisimama uwanjani na helmeti yangu ya njano, kidole kimenyooka: hiki kipite, hiki kirudi, hiki kikatwe kwanza. Madereva walinichukia. Mmoja aliniambia nina sura ya mtihani wa hesabu. Nilicheka, kisha nikamrudishia nusu ya mzigo wake.

Sheria zilikuwa nyingi, lakini moja ilizidi zote: kitu chochote kilichozibwa kifunguliwe kabla ya kwenda kwenye tanuri. Shokapu, mtungi wa gesi, tenki la pikipiki, bomba lililozibwa ncha zote mbili. Ndani ya vitu vya namna hiyo hubaki maji au mafuta, na vikizama kwenye chuma kilichoyeyuka, yale maji hugeuka mvuke mara moja na kurusha uji wa chuma juu. Hayahitajiki mengi. Kikombe cha chai kinatosha. Kwa hiyo nilikuwa na fundi wa gesi wa kukata kila nilichomwonyesha, na nyundo yangu ndogo ya kugongea ili nisikie kama kuna kitu ndani.

Mdogo wangu alifanya kazi humo humo, juu kwenye jukwaa la tanuri. Ni mimi niliyemwombea nafasi. Alikuwa kitinda mimba wetu. Mama alifariki yeye akiwa bado anavuta sketi za watu, na baba na mimi tukamlea kwa kusaidiana, baba upande wa adhabu na mimi upande wa kuficha makosa. Alipoajiriwa alikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini kwangu alibaki yule yule. Wakati wa mapumziko alishuka uwanjani uso umemwiva kwa joto, anakunywa maji kama ng'ombe, halafu ananitania mbele ya watu. "Dada, siku ukiolewa utamkata bwana harusi kwa gesi uone ndani ana nini." Uwanja mzima ulicheka. Nilimtishia kwa nyundo, akakimbia huku ameshika helmeti.

Baba yetu ni fundi wa kuchomelea na mzee wa kanisa. Madirisha mengi ya kijijini kwetu, chini ya Meru, yametoka mikononi mwake, na yanajulikana kwa kuwa manene kuliko inavyohitajika. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa geti la kanisa. Alilitengeneza nikiwa mtoto, kwa mabomba yaliyobaki baada ya mradi wa maji. Nguzo fupi kama kumi hivi, urefu wa kifuani, kila moja na masikio ya chuma bapa yaliyoshikwa kwa nati, rangi ya bluu. Mwaka ule ule nyigu wakaingia kwenye matundu ya juu wakajenga, na Jumapili moja wakamuuma mama mmoja wa kwaya hadi ibada ikasimama. Baba aliona aibu kana kwamba amewatuma yeye. Jumatatu alibeba mashine yake, akaziba kila nguzo juu na chini kwa vifuniko vya chuma, akavilainisha hata ukipitisha kiganja husikii mshono. "Hapo haingii hata pepo," alisema. Nilibembea kwenye geti hilo mpaka nilipofikia umri wa kukatazwa.

Kiwanda kilipokuja, mwanzoni tulikishangilia. Vijana walipata kazi, na nondo zilizotoka pale tulizitazama kama vile tumezizaa sisi. Kelele zilianza kilipotaka kupanuka. Tanuri la pili lilipowashwa, vumbi likaanza kutua kwenye migomba, likatua kwenye nguo zilizoanikwa, likatua kwenye maziwa ukisahau kufunika. Mabati ya watu yakaanza kuota kutu kabla ya wakati. Watu wa mazingira walikuja na vipimo vyao, wakaondoka, wakaja wengine. Mikutano ya kijiji ikawa mirefu. Wenye watoto waliokohoa walisimama upande mmoja, wenye watoto walioajiriwa upande mwingine, na wengi wetu tulikuwa na wote wawili nyumba moja.

Baba alikuwa msemaji wa wanaolalamika. Alisimama kwenye mkutano akakichambua kiwanda kuanzia bomba la moshi hadi mfereji wa maji machafu, kisha akarudi nyumbani akatukuta mimi na mdogo wangu tumekaa na ovaroli zetu tunakula loshoro. Hakutuambia neno baya. Alinawa, akakaa, akasema, "Haya, wafanyakazi wa Farao, nipakulieni." Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa.

Mwisho wa mvutano ule, kiwanda kilipata ilichotaka, kwa sehemu kubwa. Barabara ya malori ilipanuliwa ikamega ukanda wa kiwanja cha kanisa, na kama kifuta machozi kanisa likajengewa ukuta mpya na geti jipya la kuteleza kwenye reli, zito, jeusi, halina adabu hata kidogo. Geti la bluu likawekwa pembeni kwenye magugu. Baba aliliangalia wiki kadhaa. Aliogopa wanunuzi wa skrepa wa mtaani wataliiba usiku. Mwishowe akaamua mwenyewe: lipelekwe kiwandani kwa heshima, liyeyushwe. "Afadhali litoke nondo," alisema, "likashike nyumba ya mtu." Na hakukubali mtu alikate. Alilifungua kwa mkono wake, nati kwa nati, akazipanga zile nguzo na kuzifunga kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni.

Alikuja nalo asubuhi, wiki ya mvua, kwenye pikapu ya kanisa, amevaa koti lake la Jumapili. Nakumbuka vibarua walivyoacha kazi. Watu waliokuwa wakitukanana kwenye mizani tangu alfajiri walivua helmeti, shikamoo zikamiminika. Baba akaitikia moja moja, akashuka, akashusha mzigo kwa utaratibu, akafungua kamba na kuiviringa kuitia mfukoni. Zile nguzo zikalala kwenye tope, bluu yake bado inang'aa. Akapitisha kiganja juu ya moja.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "ndilo hilo. Lipokee."

Fundi wa gesi aliwasha moto wake akanitazama. Alikuwa anasubiri kidole changu. Nguzo kumi zilizozibwa ncha zote, hata mtu wa siku ya kwanza kazini angejua. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono nyuma, kama anavyosimama makaburini.

Sisi kwetu hatuvunji kitu cha baba huku baba anatazama. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Ukipewa na mzee kitu kwa mikono miwili unakipokea kwa mikono miwili, hukigeuzi chini juu kukikagua kama uko gulioni. Ningeweza kumwomba akae ofisini anywe chai. Ningeweza kusubiri aondoke. Ningeweza kusema, baba, hii ndiyo kazi yangu, na naamini angeelewa, maana hakuna mtu anayeheshimu kazi kama yeye. Nimeyapanga haya maneno mara nyingi sana tangu siku ile, na yote ni mepesi. Siku ile ulimi ulikuwa mzito. Nilimwambia fundi wa gesi, "Acha. Hizo zipite."

Aliuliza, "Zipite hivyo hivyo?"

Nikamkaripia. Mbele ya watu nikamkaripia, kama kawaida yangu.

Vibarua walibeba zile nguzo hadi kwenye lundo la mzigo uliokaguliwa. Baba alibaki mpaka ya mwisho ilipowekwa, akanishukuru, akaondoka na pikapu. Nilijiona binti mwema. Nilijisikia vizuri siku nzima, hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengi.

Siku ya tatu, saa nane mchana, tanuri la pili lilitapika. Siwezi kutumia neno jingine. Kwanza mshindo, kisha paa la mabati likapiga kelele, kisha ukimya mfupi mno, kisha watu. Nilikimbia kuelekea mahali kila mtu alipokuwa anapakimbia. Watatu waliungua na kupona, wana makovu, huwa tunasalimiana. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu zaidi, alikuwa anasukuma mzigo. Walimfunika kabla sijafika. Mtu mmoja alinikumbatia kwa nyuma akanizuia, nami nikamng'ata mkono. Baadaye nilimwomba radhi.

Mguuni pa ngazi ya jukwaa niliona kipande cha bomba. Upande mmoja kilikuwa kimechanika na kufunuka kama ganda la ndizi, cheusi, na upande wa pili, uliokuwa bado haujazama, kulikuwa na kifuniko kilicholainishwa na rangi ya bluu. Kilikuwa bado na joto. Nilivua glavu nikakifunga ndani yake, nikakitia ndani ya ovaroli. Mtu akifiwa hivi ningetegemea alie kwanza. Mimi nilificha kwanza.

Tulizika bila kufungua jeneza. Baba aliomba aone uso, wachungaji wakamshika mikono, mmoja kila upande, wakamwambia amkumbuke alivyokuwa. Akakubali. Alisimama kichwani mwa kaburi, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na mama. Mke wa mdogo wangu hakulia kwa sauti. Alirudi kwao Kikwe baada ya matanga na sasa tunapigiana simu sikukuu hadi sikukuu.

Wachunguzi waliniita ofisini. Waliuliza: je, kuna kitu kilichozibwa kilichopita kwenye zamu yako? Nikasema hakuna. Unagonga kila bomba? Nagonga. Uliwahi kusikia kitu chochote ndani ya mzigo wa wiki hiyo? Sikusikia. Fundi wa gesi aliitwa baada yangu. Alitoka bila kunitazama, na mpaka leo sijui alisema nini, ila najua alikuwa na watoto wanne na mimi nilikuwa mkuu wake. Ripoti ikasema skrepa ilikuwa na unyevu mwingi kwa sababu ya mvua, na kwamba huenda ukaguzi ulilegea, kitu kilichozibwa kikapita. Tulikuwa wakaguzi wawili tunaopokezana zamu, na kwa kuwa mzigo wa siku ile ulipakiwa asubuhi, kabla zamu yangu haijaanza, mwenzangu wa asubuhi akafukuzwa kazi. Alikuwa kijana mpole, ananiita dada. Baba aliponiuliza nani aliyepitisha kile kitu, nilimtajia huyo.

Nilisema sikusikia. Nilisikia. Kibarua alipoinamisha nguzo ya kwanza kuiweka begani, ndani yake maji yalitembea kutoka ncha moja hadi nyingine, taratibu, kama maji ya dumu lililo karibu kuisha. Miaka yote ile kutu ilikuwa imekula katundu mahali, mvua ikaingia tone kwa tone isipate pa kutokea. Nilisikia, na masikio yangu ndiyo niliyokuwa nalipwa kwayo, na nikamtazama baba badala ya kuitazama nguzo.

Kijiji kiliwaka. Kukawa na mkutano wa hadhara, diwani akaja, meneja akaja na shati jeupe. Watu walitaka tanuri la pili lifungwe, upanuzi usimame. Baba alipewa kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele na wafiwa. Hakupaza sauti. Alisema, "Moshi tumeuzungumza, sina la kuongeza. Mimi nina neno moja. Kuna mtu pale uwanjani aliyekiona kile kitu akakiacha kipite. Simlaani. Simpeleki polisi. Nataka tu siku moja aje anitazame." Akarudisha kipaza sauti, akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono. Nami nikauacha wangu ndani ya wake.

Tanuri lilifungwa kwa muda, likafunguliwa. Sasa kuna la tatu. Niliacha kazi, nikahamia Moshono, nina kibanda cha maziwa na mayai. Wateja wanasema mimi ni mkali, kwamba nagonga hata mayai. Kile kipande cha bomba kiko chini ya kitanda changu, ndani ya glavu yake, na nikifagia nafagia kukizunguka.

Kila Jumapili nilirudi nyumbani kwa ibada, na ndipo adhabu yangu ilipokuwa. Baba alikuwa amepata faraja moja tu baada ya msiba, na faraja hiyo ilikuwa geti. Kijijini walikuwa wanajenga zahanati kwa nondo za kiwanda chetu, na tukitoka kanisani alinishika kiwiko, akasimama mbele ya nguzo zake za zege, akasema, "Geti letu limo humu, mama. Mwanangu aliliyeyusha kwa mikono yake kabla hajaondoka. Sasa linashikilia wagonjwa." Alisema hivyo kwa majirani, kwa mchungaji, kwa mafundi waliokuwa wanapiga plasta. Nami niliitikia ndiyo baba, ndiyo baba. Ningemwambiaje kwamba geti halikufika kwenye nondo? Kwamba aliziba nguzo zile vizuri mno, na mimi nikamheshimu mno, na kati ya mikono yake na adabu yangu mtoto wetu akaisha? Niliapa nitakufa nalo. Kumnyima baba ukweli kulikuwa kitu cha mwisho nilichobaki nacho cha kumpa.

Kaburi lilipotimiza mwaka likajengewa, na baba akataka msalaba wa chuma, autengeneze mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, Meru imefunguka yote. Nilikaa kwenye kigoda karibu na karakana yake nikimenya ndizi za mtori. Alikata bomba, akaunganisha mikono ya msalaba, akauinua akaukagua kwa jicho moja. Kisha akachukua vifuniko vidogo vya chuma akaanza kuziba ncha. Juu. Kulia. Kushoto. Aliposhika cha mwisho kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwangu.

"Baba," nikasema, "acha tundu."

"La nini? Nyigu wataingia."

"Dogo tu. Hapo chini."

"Kwa nini?"

Hapa ndipo ningesema lolote. Ningesema ni mtindo wa siku hizi. Lakini nilikuwa nimefanya kazi ile miaka tisa, na jibu lake lilikuwa limekaa mdomoni kama salamu. "Bomba likizibwa pande zote maji huingia kidogo kidogo kwenye kutu, halafu hayatoki."

Aliinua miwani yake myeusi akaiweka juu ya paji la uso. Ni fundi wa miaka arobaini. Sikuwa nimemwambia kitu asichokijua. Alitazama kifuniko kilichokuwa kwenye koleo. Alikitazama kwa muda mrefu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake. Kuku walikuwa wanaparua chini ya migomba. Nilitaka mtu yeyote atokee, hata muuza mchicha.

"Mama," akasema. "Lile geti mlilikata?"

"Tulilikata, baba, ulipoondoka. Vipande vipande."

Nilisema vizuri. Nilikuwa nimejizoeza mwaka mzima, sauti haikutikisika, na mikono yangu ikaendelea kumenya ndizi. Baba aliitikia kwa kichwa. Akakiweka kifuniko chini. Akachukua drili akatoboa tundu kwenye mkono wa kulia wa msalaba, akatoboa la kushoto, akatoboa la juu, akarudi kulia akatoboa jingine, na jingine, vumbi la chuma likimwangukia kwenye viatu, mpaka nikasimama nikachomoa waya ukutani. Alibaki ameshika drili iliyokufa.

"Waache nyigu waingie," akasema. Akaenda kunawa.

Msalaba uko pale. Nyigu wamejenga ndani yake na hataki wafukuzwe. Tangu siku ile hajalitaja geti hata mara moja, na tukipita zahanati huwa anaangalia upande wa pili wa barabara, anazungumzia mvua. Bado ananiita mama. Bado ananiuliza maziwa yanauzikaje, na nikiondoka ananifungia mkungu wa ndizi kwa kamba ile ile ya katani. Ila anaongea akiwa ameinama, akiangalia mikono yake au yangu. Alisema anataka mtu yule aje amtazame. Mimi humtazama kila Jumapili, ng'ambo ya meza, tangu sala ya chakula hadi sahani zinapoondolewa, nikimsubiri ainue macho.